Pua ya Arfaja na Dawa za Zama Hizi

 

Ndugu Waislamu, yapokewa katika Hadithi kwamba sahaba Arfaja bin As'ad alikatwa pua katika vita vya Kulab, zama za ujahili. Akatia pua ya fedha, ikamnukia vibaya. Mtume akamwamuru atie ya dhahabu. Na dhahabu, kama mjuavyo, ni haramu kwa wanaume kuivaa. Lizingatieni jambo hili. Hakuambiwa akae na aibu yake, wala hakuandikiwa hirizi. Alielekezwa kwenye kitu kisichoharibika mwilini.

Hiyo ndiyo elimu itafutwayo na mataifa leo: ni kitu gani mwili utakikubali? Mwaka 1981, huko Boston, Marekani, daktari John Burke na mtaalamu Ioannis Yannas walieleza walivyowatibu watu 10 walioungua nusu ya mwili na zaidi. Waliwafunika kwa ngozi ya kutengenezwa: juu utando wa silikoni, chini kolajeni ya ng'ombe iliyochanganywa na kitu kitokacho katika gegedu la papa. Tabaka la chini lina vitundu. Nyama hai huingia humo ikajijenga, na kolajeni ikayeyuka. Mfano wake ni jukwaa la mwashi: ukuta ukisimama, jukwaa huondoka. Kisha silikoni hutolewa, ikabandikwa ngozi nyembamba ya mgonjwa mwenyewe.

Na mwaka 1996 Marekani iliruhusu vibamba mfano wa sarafu, ambavyo daktari huvipanga, hata 8, ndani ya ubongo alipoondoa uvimbe wa saratani. Huyeyuka polepole, vikitoa dawa pale pale penye maradhi.

Basi kwetu pana makundi mawili, na yote mawili yakosa. La kwanza hupokea kila kitu bila kuuliza. La pili, likisikia kwamba kolajeni huweza kutoka kwa nguruwe, hukataa matibabu yote, na mgonjwa akaangamia. Muulizeni tabibu: kitu hiki chatoka kwa mnyama gani? Je, pana kingine cha ng'ombe aliyechinjwa, cha samaki, au cha kutengenezwa? Kikiwapo kilicho tohara, chukueni hicho. Kisipokuwapo, Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ameshabainisha katika Minhaj kwamba aliyeunga mfupa wake kwa najisi kwa kukosa kilicho tohara ana udhuru. Hukumu hii twaisoma darasani, kisha twaisahau hospitalini!

La mwisho ndilo la kutuhuzunisha. Huko Fortaleza, Brazili, matabibu wametibu walioungua kwa ngozi ya samaki tilapia wa Mto Nile. Samaki huyo asili yake ni Afrika, naye avuliwa katika maziwa yetu, wala hapana shaka juu ya uhalali wake; lakini elimu ya ngozi yake twaipokea kutoka ng'ambo. Utabibu ni faradhi ya kutosheleza: wasipokuwapo wa kuusimamia, dhambi ni yetu sote. Wasomesheni watoto wenu, wa kiume na wa kike, Kurani na elimu hii pamoja, ili kesho mgonjwa wetu aulizapo apate wa kumjibu aijuaye dawa na aijuaye hukumu.