Mkia, Tofali na Waya wa Tatu

Geuza chaja ya kompyuta yako mpakato, usome maandishi madogo ya mgongoni. Yangu imeandikwa kwamba inapokea umeme wa volti 100 hadi 240 na kutoa volti 19.5, basi. Mombasa, Tokyo, Leipzig au Chicago, kile kitofali cheusi hakibabaiki. Kinachokwama ni kile kipande cha waya kinachotoka kwenye tofali kwenda ukutani.

Haya nilielezwa na muuza vifaa vya umeme wa Eisenbahnstraße, hapa Leipzig, mtaa ambao Kiarabu utakisikia kabla hujafika njia panda ya kwanza. Niliingia kununua chaja nzima. Aliitikia salamu yangu, akaisogeza chaja karibu na macho, akasema kwa Kijerumani chake cha kuungaunga, "Dada yangu, hii ni nzima. Wewe wahitaji mkia tu." Akachomoa waya wa Mombasa, akachomeka wa Kijerumani, akanitoza euro chache, na chaja mpya za bei ya kuumiza zimening'inia nyuma yake. Mungu amzidishie.

Swali la mkia halijanitoka tangu siku hiyo. Mtu akihama nchi, kipi katika alivyobeba ni cha kubadilishwa dukani bila majuto, na kipi ni kompyuta yenyewe?

Tuanze na hili: mikia haikutofautiana kwa hekima ya mbinguni. Plagi ya Mombasa ya miguu mitatu bapa ni ya Kiingereza, ya kiwango kilichotolewa mwaka 1947, Uingereza imetoka vitani na shaba ni adimu. Ili kuokoa shaba, nyumba zilitandikwa waya mmoja unaozunguka vyumba na kurudi ulikoanzia, na kwa kuwa waya huo unaruhusu umeme mwingi, kila plagi ikapewa fyuzi yake ndani. Ndiyo maana plagi yetu ni nene vile. Uhaba wa shaba wa Waingereza umekaa kwenye kuta za Kisauni, kule Mombasa, hadi leo, nasi twauita wetu. Mwaka 1986 wataalamu wa viwango walitoa plagi moja ya kutumiwa na dunia nzima. Walioipokea ni Brazili na Afrika Kusini, tena kila mmoja kwa namna yake. Kwa hiyo hakuna plagi iliyo ya haki kuliko nyingine, lakini ndani ya nyumba moja ipo iliyo sahihi, na ukuta haubembelezwi. Mafaqihi walilijua hili zamani, wakaipa ada nafasi ya hakimu pale ambapo sheria imenyamaza.

Jibu jepesi basi ni kwamba dini ni kompyuta na ada ni mkia. Kuna siku linatosha. Aliyekulia Mombasa hujua kwamba kibla ni kaskazini, kwa kuwa Makka na Mombasa ziko karibu kwenye mstari mmoja. Hata njia tulielekezana hivyo, nyumba ya upande wa kibla, duka la upande wa kibla. Leipzig, Makka iko kusini-mashariki. Mwenye kushikilia huku kaskazini yake ya utotoni ataswali akiwa ameipa Makka mgongo, na atajiona yeye ndiye mwaminifu. Nawajua watu wa namna hiyo, ingawa si katika swala.

Lakini ukimtazama Imamu Shafi, ambaye watu wa pwani yetu wengi tunafuata madhehebu yake, wepesi huo unapungua. Alifundisha Baghdad, kisha akahamia Misri, ambako alifariki mwaka 820. Rai zake za Iraki huitwa kadimu, za Misri jadidi, na madhehebu hufuata jadidi isipokuwa katika masuala machache. Wapo wapendao kusema kwamba mto Nile ndio uliombadilisha. Mimi naona wanamfanyia wepesi. Wanazuoni wengi husema alizipima upya hoja na dalili zake. Na hakugusa matawi peke yake. Risala, kitabu chake cha misingi yenyewe, nacho alikiandika upya kule. Mhamaji yule alilifungua hata tofali akatazama ndani.

Kuna na kosa la upande wa pili, la kudhani kwamba kilichoingia kimefaa. Kwetu kila nyumba ina dawa ya plagi ya miguu miwili: unachomeka kijiti au kalamu kwenye tundu la juu, vifuniko vya ndani vinafunguka, unasukuma, simu inajaa. Tundu lile la juu ni la ethi, waya wa tatu wa kwenda ardhini. Huku nako, kabla ya kuupata mkia, nilitumia kigeuzi cha bei rahisi kilichobadilisha umbo tu bila kuifikisha ethi ukutani. Kompyuta iliwaka vizuri kabisa, ila bati lake lilikuwa likinitekenya viganjani.

Ethi haibebi umeme wa kazi. Ukiikata, kila kitu kinawaka vilevile, na mwenye haraka atakwambia haina maana. Inangoja siku waya wa ndani umechubuka ukagusa bati.

Hapa ndipo ninapoachana na wanaogawa mambo mafungu mawili. Kwa miaka tumekuwa tukipigiana simu kila Ijumaa, mimi na kina mama wa Tanga, Bujumbura na Lamu tuliotawanyika miji hii. Hujambo, watoto hawajambo, baridi je, haya, kwaheri. Binti yangu huzicheka: hakuna habari iliyotolewa wala iliyopokewa. Mamangu alipofariki Mombasa alizikwa siku ile ile, sikuwahi. Kufikia magharibi sebule yangu ilikuwa imejaa. Mmoja aliingia na sufuria la pilau amelifunga kwa taulo, amesafiri nalo kwenye treni, mwengine akakunja mazulia, Yasini ikaanza. Hakuna aliyeuliza anwani.

Ndiyo maana nyumbani kwetu sasa tunabishania shikamoo. Binti yetu huwaita walimu wake wengine kwa majina yao ya kwanza, nao wamempa ruhusa, sina neno. Mume wangu, mtu wa Tanga, asema shikamoo ni mkia: heshima ni ile ile, plagi imebadilika, tusimchoshe mtoto. Nimemjibu kwamba fundi ana kipimo cha kujulia kama ethi inafika ardhini, sisi hatuna; na mimi sikati waya ambao sijaujua kazi yake. Yeye asema kwa hoja hiyo sitakata waya wowote maisha yangu yote, na hapo, nakiri, amenishika pabaya.