Bei ya Ubao Ulioharibika

Bandari ya Juba iko ukingoni mwa Bahr el Jebel, kama Nile Nyeupe inavyoitwa sehemu ile. Matishari hupakia pale na kushuka kaskazini kwenda Bor, Malakal na Renk, yakipenya kinamasi cha Sudd. Mvua zikikolea na barabara zikageuka tope, maeneo mengi hayana njia nyingine. Kusini hakupitiki kwa maji, maana maporomoko ya Fula karibu na Nimule yameukata mto. Kwa hiyo bamba la chuma la kuzibia tundu chini ya tishari huenda limeshushwa melini Mombasa, likavuka Kenya na Uganda kwa lori, likaingia kwa barabara ya Nimule, safari ya zaidi ya kilomita 1,500. Sasa lifikirie bamba hilo mikononi mwa mwanagenzi anayekata chuma kwa mara ya kwanza. Mkono unamtetemeka, mstari unapinda, na bamba halifai tena mahali lilipokusudiwa. Naomba msomaji aishike picha hiyo, kwa sababu naona ndani yake mna jibu la swali ambalo hotuba za matanga hulikosea: mwalimu mkarimu wa ufundi anakumbukwaje?

Penye jamii ya waunda vyombo, iwe ya wachomeleaji wa matishari, ya maseremala wa majahazi Lamu au ya wachongaji wa mbao za kutelezea mawimbi kule Hawaii na California, fundi mkubwa akifariki husifiwa kwa maneno yanayofanana: hakuwa mchoyo wa ujuzi, alichokijua alikigawa. Sifa hiyo inatoka moyoni na siibezi. Ila ukiipima, haisimami. Ujuzi haupungui ukigawanywa. Anayekupa asali anabaki na mtungi mwepesi. Anayekufundisha kuusoma mto hausahau mto. Kama ukarimu ni kutoa kitu ambacho ukishakitoa huna tena, basi aliyegawa ujuzi peke yake hajatoa kitu. Na bado waliofunzwa naye wanajua, bila kuhitaji hoja, kwamba walipewa. Ama wanajidanganya, ama kuna kitu kingine kilichotolewa ambacho neno ujuzi limekifunika. Mimi nashika la pili. Alichotoa mwalimu ni vile vinavyopungua: mbao, chuma, saa za mchana, subira ya mteja, jina lake mwenyewe. Kumkumbuka sawasawa ni kuikumbuka hasara aliyoikubali.

Tazama kazi yenyewe kwa karibu. Mbao za jahazi zikishapigiliwa kwenye mataruma, kila mwanya baina ya ubao na ubao hutiwa kalafati, pamba iliyochovywa mafuta, ikasukumwa ndani kwa patasi butu na nyundo. Ikilegea, maji yanapita. Ikishindiliwa kupita kiasi, mbao zinaachana. Kipimo kiko kwenye kifundo cha mkono, na hakuna anayekipata bila kukikosea mara nyingi. Kwenye chuma ni vivyo hivyo. Mshono wa kuchomelea unaweza kung'aa juu na kuwa na vitundu ndani, na njia moja ya zamani ya kuupima ni kuupaka chokaa upande mmoja na mafuta ya taa upande wa pili, kisha kungoja. Doa likijitokeza kwenye weupe wa chokaa, mshono unavuja. Sehemu ile isagwe, ichomwe upya. Vijiti vya kuchomelea vilivyoteketea havirudi, dizeli ya jenereta hairudi, na mwenye tishari ambaye shehena yake imelala amesimama pale pale anahesabu siku. Mwalimu anayesema "saga, rudia", badala ya kumpokonya kijana kifaa na kumaliza mwenyewe kwa dakika 10, hapo ametoa kitu. Maelezo yake yote yangeweza kuandikwa kwenye ukurasa mmoja. Hasara ile haiandikiki humo.

Atatokea wa kuuliza: si mwanagenzi naye anafanya kazi? Anabeba mbao, anachota maji, anafagia maranda kwa miaka, kwa ujira mdogo au bila ujira. Hiyo ni biashara, ukarimu uko wapi? Hoja hii ni nzito, na kwa mafundi wengi ni ya kweli kabisa. Wapo wanaowaweka vijana kwenye kazi za mabega mwaka baada ya mwaka, wakijua kwamba kijana asiyejua kupima hana pa kwenda. Lakini mfano huo huo ndio unaouonyesha mpaka. Kazi ya kubeba hulipwa kwa kutazama: kijana anapata macho, fundi anapata mabega, hesabu imefungwa. Ukarimu unaanza pale fundi anapomkabidhi kijana kipande ambacho kikiharibika, jina linaloharibika ni la fundi. Hakuna ndoo za maji zinazoweza kulipia hapo. Tena iko hasara isiyoonekana siku hiyo: kijana akishaiva atafungua kazi yake, pengine ukingo ule ule wa mto, na wateja watagawanyika. Kumfundisha mtu kwa moyo mmoja ni kujipunguzia soko kwa mkono wako. Aliyekuja kufanya biashara tu huishia kabla ya kufika hapo.

Ushahidi mkubwa kuliko wote ninaoujua uko pwani. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi na kuendeshwa kwa tanga la mkeka, uliundwa vizazi kwa vizazi katika visiwa vya Lamu, kisha ukatoweka katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20. Mwaka 2003 mmoja ulipoundwa upya Zanzibar na kuwekwa katika jumba la Beit al-Ajaib, ilibidi kutegemea vielelezo vidogo vya makumbusho, picha na maandishi. Kama ujuzi haupungui, ulikwenda wapi? Mtu atasema mtepe uliuawa na soko, na misumari, na vyombo vilivyobeba zaidi. Walimu wasitwishwe lawama. Nakubali kuhusu soko. Lakini soko haliingii kichwani mwa mtu likafuta anachokijua. Linachofanya ni kuondoa ziada. Fundi asiye na oda ya chombo kingine hana ubao wa kumwachia kijana aukosee, na kijana hana sababu ya kukaa. Wazee wa mwisho hawakusahau kushona. Vilivyokwisha kabla yao ni vile vinavyopungua. Jahazi, kwa upande wake, liliendelea kupata ziada hiyo kidogo kidogo, kijijini Matondoni na kwingineko, hata mwaka 2018 mafundi wa Lamu wakiongozwa na Ali Skanda wakaichukua mikono iliyozoea mbao na kuunda Flipflopi kwa takataka za plastiki, chombo ambacho hakuna mwalimu aliyewahi kuwaonyesha mfano wake.

Zama hizi husemwa kwamba simu imelimaliza tatizo: video ipo, kila mtu ajifunze. Jambo hili si geni. Mmarekani Tom Blake alipata hataza ya ubao wa mawimbi wenye uvungu mwaka 1932, na katika muongo huo huo michoro ya mbao za aina hiyo ikachapishwa katika magazeti ya ufundi, ili msomaji mwenye msumeno na ua wa nyumba aweze kujiundia wake. Lilikuwa jambo jema, na wengi walifaidika. Ila mchoro haukuiondoa hasara, uliihamisha tu. Ubao uliokatwa vibaya ulikuwa wa msomaji, kwa hiyo aliyejifunza ni yule aliyekuwa na ubao wa pili. Video ni hivyo hivyo. Kijana wa Juba anayetazama kwenye simu jinsi ya kuchomelea mshono wa wima ameshapata kila kitu ambacho hakimpunguzii mtu yeyote chochote, na bado hana bamba.

Hoja inayonisumbua zaidi ni ya namna nyingine. Tukianza kuhesabu mbao zilizoharibika, je, hatugeuzi zawadi kuwa deni? Mwanafalsafa wa Kirumi Seneca, katika kitabu chake juu ya hisani, alishauri kwamba mtoaji asahau mara moja na mpokeaji asisahau kamwe. Wahenga wetu nao husema tenda wema nenda zako. Fundi aliyekaa kimya kuhusu gharama huenda alitaka kimya hicho kidumu. Nimeipima hoja hii kwa muda mrefu na naona inachanganya mambo mawili. Deni lina mwenyewe, na likilipwa linasahaulika. Hasara ninayoisema haina pa kurudishiwa: bamba lilishakatwa, mchana ule ulishapita, na aliyevitoa hakuweka masharti. Kuijua hasara hiyo hakumfanyi mwanafunzi mdaiwa. Kunamfanya mtu anayejua bei. Tofauti hiyo inaonekana siku yeye mwenyewe anapoletewa kijana. Aliyekariri kwamba mwalimu wake "alimpa ujuzi" atadhani kufundisha ni kusema; kijana akiharibu bamba la kwanza atashtuka, la pili atamfukuza, na atasema kwa nia safi kabisa kwamba vijana wa siku hizi hawafundishiki. Anayekumbuka mabamba aliyoyaharibu yeye alishatenga la kuharibiwa kabla kijana hajafika.

Na Juba kutenga huko ni kugumu kuliko sehemu nyingi. Mapigano ya Desemba 2013 na ya Julai 2016 yalitawanya watu hadi makazi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, na Bidi Bidi, Uganda, mwalimu huku, mwanafunzi kule. Wengine walijifunza Kiswahili na ufundi katika miaka hiyo hiyo ya ukimbizi, kwa watu ambao huenda hawatawaona tena. Anayerudi na kusimama gatini na mashine ya kuchomelea hana kaburi la karibu la kutembelea, wala matanga ya kusimama na kutoa sifa. Ana idadi, kama ameitunza: vijiti vingapi aliteketeza bila kukaripiwa, mabamba mangapi alipinda, wateja wangapi mwalimu alikwenda kuwatuliza kwa ajili yake. Akimtajia mtu mwalimu wake, na aitaje idadi hiyo kwanza.