Tengeni Uwanja Kabla ya Kugawa Viwanja

Wajukuu zangu, mnapopanga mji msianze na maduka. Najua utamu wa kiwanja cha barabarani. Kuanzia Nyakanazi, Lusahunga na Nyakahura mpaka Benako na Rusumo, kila mtu anataka mlango wake utazame lami inayopitisha malori ya Rwanda na Burundi. Siwalaumu, biashara ndiyo inayosomesha watoto. Lakini piteni katika senta hizo jioni mtafute mahali ambapo mtu anaweza kukaa bila kununua soda. Mtakuta watoto wanapiga mpira kando ya malori, na wazee wamejibanza barazani kwa watu.

Sisi wa wilaya ya Ngara, yenye Benako na Rusumo, tuliuona mji ukizaliwa ghafla. Mwishoni mwa Aprili 1994, zaidi ya watu 200,000 walivuka daraja la Rusumo kwa takribani siku moja wakikimbia Rwanda, wakatua Benako. Walikuja na msiba wao, na mwenye kupikia watoto lazima atafute kuni. Ila vilima vilibaki vitupu, na kuvifunika tena kwa miti ni kazi ya miaka mingi. Tofauti na Benako, miji yenu inajaa polepole, na hapo ndipo penye hatari: ardhi inaondoka kiwanja kimoja kimoja, wala hakuna siku mtu anashtuka.

Kwa hiyo wahini kutenga uwanja wa wote. Senta nyingi bado ziko kwenye ardhi ya kijiji, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inawaruhusu wanakijiji, kupitia mkutano mkuu, kutenga ardhi ya matumizi ya wote. Senta ikishatangazwa kuwa eneo la mipango miji, neno kubwa linakuwa la halmashauri, na bei ya ardhi imeshapanda. Eneo lililotengwa mapema halimgharimu mtu fidia.

Msidhani karatasi inatosha. Dar es Salaam maeneo mengi yaliyochorwa kuwa ya wazi yamejengwa. Nairobi, mwaka 1989, mtetezi wa mazingira Wangari Maathai alisimama kupinga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Alitukanwa, lakini jengo halikujengwa. Alikuwa na faida moja: watu wa Nairobi walikuwa wakipumzika katika bustani ile kila Jumapili, wakajua wananyang'anywa nini. Uwanja usiotumika hauna wa kuulilia.

Basi utumieni. Vijana wa kiume wataomba magoli mawili, kisha waone kazi imekwisha. Waulizeni mabinti pia. Watawaambia habari ya choo, taa, uwanja wa netiboli, na njia isiyopita katikati ya vilabu vya pombe. Wekeni mabenchi kwa ajili ya mama anayetoka kliniki na mtoto mgongoni. Siku ya gulio wauzaji wapewe upande wao, na malori yapewe maegesho nje kabisa.

Mkutano mkuu ukiitishwa, msibaki kijiweni kwenye bodaboda zenu. Nendeni mkatake mipaka ya eneo isomwe kwa sauti, iandikwe katika mhtasari, na nakala ibaki kwa zaidi ya mtu mmoja. Mvua zikianza, pandeni miti kwenye mpaka wote, ili atakayetaka kuhamisha mpaka aanze kwa kukata mti mbele ya macho ya watu.