Usipambane na Upepo Peke Yako



Mwaka jana nilikosa ajira mara tatu. Nikaacha jumuiya, nikaacha na kwaya. Nikajiambia nitasali mwenyewe chumbani. Ukweli ni kwamba niliona aibu, na baada ya wiki mbili hata chumbani sikusali.

Kisha nikaanza kumfuatilia Biniam Girmay, mwendesha baiskeli wa Eritrea. Mei 2022 alishinda hatua ya Giro d'Italia. Jukwaani kizibo cha chupa kikampiga jichoni, akajitoa. Mwaka 2024 akashinda hatua tatu za Tour de France na kutwaa jezi ya kijani, Mwafrika wa kwanza.

Kilichonigusa ni hiki: kilomita nyingi wenzake wa timu humkinga upepo. Yeye huchomoka mita za mwisho tu. Aliyewahi kuendesha baiskeli huku Miyuji upepo ukimkabili, anaelewa.

Wagalatia 6:2 inatuagiza kuchukuliana mizigo. Jumamosi nikarudi jumuiya. Mama mwenyekiti hakuuliza kitu. Alisogea tu, nikapata nafasi mkekani.

Wewe uliyejificha, rudi.

Bwana, utupe unyenyekevu wa kukingwa na moyo wa kuwakinga wengine. Amina.