Mchwa Hapigi Hodi

Mwanangu, wewe uliyeambiwa na daktari kuwa limfoma yako ni ile saratani inayokua polepole, sogea karibu. Siku ile nilishukuru pamoja nawe. Leo nakuhofia, maana naona umeshaisahau.

Neno "polepole" limewalaza wengi. Moto wa pumba hauna mwali, lakini asubuhi ghala ni majivu.

Ipo limfoma iitwayo Waldenström. Mtu huishi nayo miaka mingi, analima, analea. Lakini kwa wachache, kama mmoja katika mia, seli zake huingia kwenye ubongo na uti wa mgongo. Bing na Neel, madaktari wa Denmark, waliandika habari za wagonjwa wawili wa namna hiyo mwaka 1936, na hali hiyo ikabaki na majina yao.

Haiji kwa kishindo, mwanangu. Mchwa hapigi hodi. Kichwa kinauma wiki baada ya wiki. Miguu inakuwa mizito, kandambili inachomoka nawe huna habari. Unapotea njia ya kwako mwenyewe. Nyumbani watasema ni uchovu, ni uzee, au kuna mkono wa mtu. Na damu ikipimwa yaweza kuonekana nzuri tu! Ubongo una ukuta wake. Dawa nyingi zinazosafisha damu haziupenyi vizuri.

Basi ukifika hospitali usiseme "kichwa tu". Sema una limfoma. Hata kama dawa ulimaliza miaka kumi iliyopita, sema.

Na ile sindano ya mgongo, nakusihi, usiikimbie. Tangu ujana wangu nasikia barazani kwamba anayetolewa maji ya mgongo hupooza. Rafiki yangu mmoja aliamini hivyo, akakataa, akarudi nyumbani kwa miguu yake. Mara ya pili alibebwa. Sindano ile huchomwa chini kiunoni, uti wenyewe umeshaishia juu. Maji hayo, pamoja na picha ya MRI, ndiyo yanayofichua seli zilizojificha.

Dawa zinazoupenya ukuta huo zipo: methotreksati ya kipimo kikubwa, na ibrutinibu ya vidonge. Wengi wamepata nafuu. Ila mguu uliokwisha kufa haurudi kwa ahadi.

Nakuomba tena, mwanangu. Kandambili ikichomoka kesho, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda kesho hiyohiyo.