Chombo Kisicho na Nahodha

Wahenga wa pwani walisema, "Nahodha wengi, chombo huenda mrama." Waliijua bahari na hatari zake, na hapana mwenye akili atakayelidharau neno lao. Lakini methali hii imeacha swali moja bila jibu. Ikiwa chombo hakina nahodha hata mmoja, nacho chafika bandarini salama, tuseme nini? Na kikizama, lawama imshukie nani?

Fikiri kwanza, msomaji, juu ya mitaa ya mashariki ya jiji la Nairobi: Kaloleni, Jericho, Buruburu, Umoja, Kayole na Dandora. Kila alfajiri umati wa watu hutoka huko kwenda kazini, na wengi wao huchukuliwa na matatu. Magari hayo yana wenyewe wengi, na hapakuwa na ofisi moja iliyoketi ikazipanga njia zake zote. Baadhi zilirithiwa kwa mabasi ya zamani. Nyingine zilizuka kidogo kidogo, kwa kuwafuata abiria walikohamia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Marekani walipotaka kuzijua, iliwapasa kuzifuata moja moja, wakiziandika kwa simu zenye kuonyesha mahali gari lilipo. Mwezi wa Januari, 2014, walitoa ramani yenye njia zaidi ya 130. Utaratibu ulikuwapo kabla ya ramani.

Mchwa nao ni hivyo. Mwaka wa 1959 Pierre-Paul Grassé, mtaalamu wa wanyama wa Ufaransa, alieleza jinsi kichuguu kinavyojengwa pasipo msimamizi. Mchwa mmoja huweka tonge la udongo. Tonge hilo humvuta mwingine aweke lake juu yake, na kazi iliyokwisha kufanywa huwa ndiyo amri ya kazi inayofuata. Mwaka wa 1986 Craig Reynolds wa Marekani aliunda programu ya kompyuta iliyoonyesha ndege wakiruka kwa kundi. Hakuweka kiongozi. Kila ndege alipewa kanuni tatu tu: usimgonge jirani, fuata mwelekeo wa jirani, usiachane na jirani. Kundi zima likaruka kwa umoja.

Watafiti wengi wametunga mifumo ya namna hiyo, ambamo programu nyingi ndogo huamua kila moja kwa nafsi yake, na kazi kubwa ikatimia. Faida yake ni dhahiri. Palipo na mkuu mmoja, akianguka, wote husimama. Asipokuwapo mkuu, mmoja akiharibika wenziwe huendelea.

Hata hivyo, utaratibu ni jambo moja na wema ni jambo jingine. Mvua inyeshapo Nairobi wakati wa jioni, mara nyingi nauli ya matatu hupanda. Hapana aliyepiga mbiu. Kila kondakta ameona kuwa abiria ni wengi na magari ni machache, akafuata kanuni yake; na mama aliyebakiza nauli ya kawaida tu hubaki kituoni amelowa. Mambo ya kompyuta yamekuwa vivyo hivyo. Tarehe 6 Mei, 2010, katika soko la hisa la Marekani, programu za biashara zilichocheana kuuza, na kipimo cha Dow Jones kikaanguka karibu alama 1,000 kwa dakika chache, kabla ya kupanda tena. Hapakuwa na programu hata moja iliyokusudia msiba huo.

Ukimwuliza yeyote katika wengi hao, atakujibu, "Nilifanya kama wengine." Jibu hilo ni la kweli, lakini halitoshi. Mchwa hakuchagua kanuni yake, amezaliwa nayo. Programu nayo haikuchagua. Imepewa na fundi. Binadamu peke yake aweza kuitazama kanuni anayoifuata na kujiuliza: je, watu wote wakiifuata hii, mtaa wetu utakuwaje? Pasipokuwa na nahodha lawama haitoweki baharini. Hugawanywa, na kila baharia huchukua fungu lake.

Huenda ukasema kuwa kondakta mmoja asiyepandisha nauli hupoteza faida yake bure, maana jirani yake hatamwiga. Neno hilo lina uzito, kwani kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini tazama vyama vya akiba katika mitaa hiyo hiyo. Watu kumi hukutana, hukubaliana kiasi cha kutoa na zamu ya kupokea, nao huendelea miaka mingi pasipo bwana wa kuwaamrisha. Nguvu yao imo katika kanuni iliyosemwa wazi, ikajulikana na kukubaliwa na wote. Fundi mwema wa mifumo naye hutenda hivyo: kabla ya kuziachia programu zake, huijaribu kanuni aone italeta nini itakapofuatwa na zote pamoja.

Basi, kijana, usingoje kuwa mkuu ndipo ufikiri juu ya haki. Katika foleni, darasani na sokoni unaweka tonge lako la udongo kila siku, na mwingine anakuja kuweka lake juu yake. Liangalie vema kabla hujaliweka.