Nusu ya Kujua

Usiku mmoja hapa Kitale kitanda kilitikisika. Nilidhani ni lori la mahindi linapita, lakini barabara ilikuwa kimya na sufuria bado zinagongana. Nikashika simu nimpigie Mama, yuko Bungoma. Kisha nikairudisha chini ya mto. Ningemwambia nini? Toka nje na baridi hii, labda kuna kitu, labda hakuna? Tangu hapo nimejiuliza: ukijua nusu, una deni la kusema?

Tungependa mtambo utuondolee swali hilo. Tarehe 11 Machi 2011, tetemeko la ukubwa wa 9 lilipopiga Japani, mwamba mwingi ulihama, na nguvu ya mvutano ya dunia ikabadilika kidogo sana. Badiliko hilo husafiri kwa kasi ya mwanga. Mawimbi yanayoangusha nyumba huenda kilomita chache tu kwa sekunde. Mwaka 2016 watafiti walieleza kwamba wameliona kwenye rekodi za kipima mvutano cha Kamioka.

Ni ajabu, ila tuelewane: huo si utabiri. Wakati huo mwamba umeshapasuka. Unachopewa ni sekunde tu, tena kwa matetemeko makubwa mno. Lile la Subukia la Januari 1928, la 6.9, au la Bukoba la Septemba 2016, la 5.9, ni madogo kwa njia hiyo. Sisi Wabukusu tulikuwa na omung'osi wa kutuambia yajayo. Leo bado tunamngoja, tumemvalisha tu koti la maabara.

Basi tumebaki na wanaojua nusu. Kule L'Aquila, Italia, ardhi ilitetemeka kwa miezi, na watu wakatulizwa kwamba hakuna hatari. Aprili 2009 tetemeko liliua zaidi ya watu 300. Wataalamu sita na afisa mmoja walihukumiwa kifungo mwaka 2012. Wale sita wakaachiliwa 2014. Watu husema ati walishtakiwa kwa kushindwa kutabiri. Lawama hasa ilikuwa kuwatuliza watu. Wazee wa kule walikuwa na desturi: ardhi ikitikisika, unatoka unalala nje. Baadhi ya waliofiwa walisema usiku ule jamaa zao walibaki ndani kwa sababu walikuwa wametulizwa.

Mahakama ikishamaliza, mimi bado nina kesi yangu. Kimya changu nacho kilikuwa kumtuliza mtu. Nilijiambia ninamhurumia Mama, kumbe nilikuwa ninaogopa kuonekana mjinga asubuhi.

Majuzi nikamweleza. Hakukasirika.

"Si ungesema tu, baba," akaniambia. "Mimi ningehamia upande ule mwingine. Huu ukuta wa kitandani una ufa tangu mvua ya mwaka jana."

Sikuwa ninajua habari ya ufa. Nusu ile nyingine alikuwa nayo yeye.